Namna ya Kuwasoma Ndege wa Mjini na Kuyafunga Mazalia ya Mbu Wanaowanyonya

Mwongozo huu ni wa mkazi wa mjini mwenye mti wa kunguru mbele ya nyumba na chemba ya maji machafu nyuma yake, ambaye angependa kujua iwapo vitu hivyo viwili vina uhusiano na homa. Uhusiano upo, ila si ule unaodhaniwa na wengi. Kunguru hamwambukizi mtu virusi vya mbu kwa kulia juu ya paa wala kwa kuchafua nguo zilizoanikwa. Virusi hukaa katika damu yake kwa siku chache, mbu huja usiku akainyonya damu hiyo, na siku kadhaa baadaye mbu yuleyule huingia chumbani kwako. Kwa hiyo anayetaka kujikinga ana kazi mbili: kuwatazama ndege kwa makini ili wampe habari, na kuyafunga maji ambamo mbu huzaliwa. Kazi ya kwanza ni ya macho na daftari; ya pili ni ya mikono, na ndiyo nzito.

Anza kwa kutenganisha maradhi

Kabla ya kumtazama ndege yeyote, jua kwanza ni maradhi gani yanayomhusu, maana nimesikia mara nyingi kunguru akilaumiwa kwa dengi. Dengi, chikungunya na homa ya manjano huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, wale weusi wenye madoa meupe miguuni wanaong'ata mchana. Mbu hao huvipata virusi hivyo kutoka kwa binadamu au, porini, kwa kima na nyani, na ndege hana nafasi katika habari hiyo. Homa ya Bonde la Ufa ni habari ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Malaria haisababishwi na virusi kabisa. Vinavyobaki ni virusi ambavyo ghala lake ni ndege, na vitatu kati yake viligunduliwa kwanza katika bara letu: Sindbis, vilivyopewa jina la kijiji cha Misri; Usutu, vilivyopewa jina la mto wa Eswatini; na West Nile, ambavyo ndivyo vinavyosumbua watu zaidi na ndivyo nitakavyovifuata hapa. Msafirishaji wake mkuu ni mbu wa jamii ya Culex, yule wa rangi ya kahawia anayetuimbia sikioni usiku na ambaye katika miji ya pwani yetu hujulikana zaidi kwa kueneza matende na mabusha.

Virusi vya West Nile vilipatikana mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa, katika eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakati watafiti wa Entebbe walipokuwa wakitafuta homa ya manjano. Kwa miongo mingi vilihesabiwa kuwa homa ndogo ya mashambani. Fikra hiyo ilivunjika mwaka 1996 katika mji wa Bucharest na kusini-mashariki mwa Romania, ambako mlipuko mmoja ulithibitishwa kuwapata watu 393, na 17 kati yao wakafariki. Mbu walikuwa wakizaliana katika vyumba vya chini ya maghorofa, vilivyofurika maji machafu kutoka kwenye mabomba mabovu. Anayeyajua mashimo ya maji yaliyo chini ya maghorofa yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisa cha New York na mipaka yake

Mfano bora wa kuwasoma ndege, na wa kushindwa kuwasoma, ulitokea New York mwaka 1999. Mwezi wa Agosti daktari Deborah Asnis, wa hospitali moja katika eneo la Queens, alitoa taarifa ya wagonjwa wenye homa ya ubongo na udhaifu wa misuli usio wa kawaida. Vipimo vya mwanzo vikaelekeza kwenye ugonjwa wa ubongo uitwao St. Louis, ambao nao huenezwa na mbu na hukaa kwa ndege, lakini kwa kawaida hauwaui. Wakati huohuo kunguru walikuwa wakianguka mitaani, tena walianza kabla ya wagonjwa hao kufika hospitalini. Katika bustani ya wanyama ya Bronx, daktari wa wanyama Tracey McNamara alikuwa akipasua mizoga ya ndege, wakiwemo heroe, na kuukuta ubongo umeharibika kwa uvimbe na damu. Hakukubali kwamba ugonjwa usioua ndege ndio unaowaua ndege wake. Aliona pia kwamba emu wa bustani hiyo, ndege wakubwa wa Australia wanaofanana na mbuni, walikuwa wazima, ilhali upo ugonjwa mwingine wa mbu, ule wa farasi wa mashariki mwa Marekani, ambao ungewaua emu mapema. Kabla ya Septemba kwisha ilibainika kuwa ni virusi vya West Nile, vilivyokuwa vimeingia bara la Amerika kwa mara ya kwanza. Mwaka huo walihesabiwa wagonjwa 62 katika eneo hilo, na 7 wakafariki. Katika miaka iliyofuata virusi vilivuka nchi nzima hadi pwani ya Pasifiki, na katika baadhi ya maeneo idadi ya kunguru wa Marekani ilishuka kwa kadiri ya asilimia 45.

Kisa hicho kina mpaka wake, na anayekichukua kizimakizima kitamdanganya. Kunguru wa New York walikufa kwa wingi kwa sababu ukoo wao haukuwahi kukutana na virusi hivyo. Ndege wa Afrika wameishi navyo kwa muda usiojulikana mwanzo wake, na wengi huambukizwa, wakapona, wakaendelea kuruka. Hata kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa amejaa Dar es Salaam na Mombasa, ametoka katika nchi ambayo virusi hivyo vipo. Basi kunguru wakifa, uliza sababu. Lakini wasipokufa, usihitimishe kwamba mtaa wako u salama. Kwetu ndege mzima ndiye anayepaswa kutiliwa maanani zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayewalisha mbu.

Jua siku za mzunguko

Ndege aliyeng'atwa na mbu mwenye virusi huwa navyo vingi katika damu kwa muda mfupi, mara nyingi siku 1 hadi 5, kisha mwili wake hujenga kinga na vikatoweka katika damu. Mbu aliyemnyonya katika siku hizo hawezi kuambukiza papo hapo. Virusi lazima vizaliane tumboni mwake na kufika kwenye tezi za mate, jambo linalochukua wiki moja hadi mbili, na joto likizidi muda huo hupungua. Binadamu na farasi wanaweza kuugua sana, lakini damu yao haina virusi vya kutosha kumwambukiza mbu mwingine, kwa hiyo mnyororo hukatika hapo. Jirani yako akiugua West Nile, mbu hataichukua kwake na kukuletea wewe kama anavyofanya kwa dengi. Kila mtu anayeugua amepata kutoka kwa mbu aliyemnyonya ndege, isipokuwa matukio machache kama ya kuongezewa damu, ambayo yaligunduliwa Marekani mwaka 2002.

Kinga ya ndege ina matokeo ambayo watu huyasahau. Ndege mzee aliyewahi kupona hawi tena ghala la virusi, bali kinda wa mwaka huu ndiye anayekuwa ghala, kwani hana kinga, hana manyoya ya kumfunika, na hawezi kuruka akimkimbia mbu. Ndiyo sababu majira ya kutaga na kuangua yanafaa kuandikwa katika daftari kuliko idadi ya kunguru wazima.

Tambua ndege wenye kuhusika

Si kila ndege wa mjini ni ghala. Majaribio ya maabara nchini Marekani, ambamo ndege wa aina 25 waliambukizwa kwa makusudi na damu yao kupimwa kila siku, yalionyesha tofauti kubwa mno. Jamii ya kunguru na jamii ya shomoro, ambaye wengine tunamwita jurawa, walikuwa na virusi vingi vya kutosha kuwaambukiza mbu. Njiwa wa mjini, ambaye husingiziwa kila kitu, alikuwa na virusi vichache kiasi kwamba mbu hangepata kitu, na kuku naye ni vivyo hivyo. Kwa hakika kuku hupata maambukizi bila kuugua na hujenga kinga inayoonekana katika damu, na ndiyo maana katika majimbo ya California na Florida mabanda ya kuku yamewekwa kwa miaka mingi kama walinzi: kuku hutolewa damu mara kwa mara, na damu ikionyesha kinga mpya, wahusika hujua kwamba virusi vimeingia eneo hilo. Kwa hiyo usiuze kuku wako kwa hofu hii.

Wingi wa ndege nao hautoshi kueleza hatari, kwa kuwa mbu ana chaguo lake. Katika eneo la Washington, mbu wa Culex walionekana kumpenda robini wa Marekani, ndege wa kifua chekundu asiye mwingi kama shomoro, kupita ndege wengine wote. Robini walipomaliza kulea na kutawanyika mwishoni mwa kiangazi, mbu waliwageukia watu, na sehemu ya milo yao iliyotoka kwa binadamu ikaongezeka kwa takriban mara saba. Majira yetu si yale, lakini kanuni ni ileile: mti uliojaa ndege ukihamwa ghafla, mbu wa mtaa huo hawahami pamoja nao.

Weka daftari

Chagua sehemu tatu au nne unazozipita kila siku, ukianzia na mti wanakolala ndege. Kunguru na shomoro hurudi kulala pamoja kabla ya giza, kwa hiyo simama hapo nusu saa kabla ya Magharibi mara moja kwa wiki. Andika tarehe, aina ya ndege, idadi kwa makadirio, viota vyenye makinda, mvua ya wiki hiyo, na mizoga ikiwepo. Mwandike pia ndege anayeonekana mgonjwa: aliyekaa chini huku manyoya yamevimba, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayetetemeka, au anayejaribu kuruka akaanguka. Piga picha kwa simu ukiwa mbali.

Mzoga mmoja chini ya waya wa umeme si habari. Kipimo changu, nacho ni cha busara tu, si cha sheria, ni mizoga mitatu au zaidi ya aina moja, katika eneo moja, ndani ya wiki, isiyo na jeraha. Hapo mjulishe afisa mifugo wa kata au, ukiwa Kenya, ofisi ya mifugo ya kaunti. Usishangae ukiulizwa kwanza kuhusu mdondo, mafua ya ndege au sumu, kwa maana sababu hizo zinawezekana zaidi. Sumu hasa: katika Dar es Salaam na pwani ya Kenya zimefanyika kampeni za kuwapunguza kunguru wa Bara Hindi kwa sumu inayofanya kazi polepole, nao hufia mahali pa kulala, mbali na chambo. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza azma ya kuwaangamiza kunguru milioni moja. Kampeni hizo zina sababu zake, kama vile kuwaokoa ndege wa asili ambao mayai na makinda yao huliwa na kunguru, lakini mtu asizihesabu kuwa kinga dhidi ya virusi, kwa kuwa mbu aliyekosa kunguru ana shomoro, na akikosa shomoro ana wewe.

Ukimkuta ndege amekufa

Usimshike kwa mkono mtupu, na usimwachie paka. Ukiombwa sampuli, ndege awe amekufa chini ya siku moja au mbili, macho hayajabonyea na hana funza. Baada ya hapo maabara haitapata kitu. Vaa glavu, au vaa mfuko wa takataka mkononi, mkamate ndege kupitia mfuko, kisha ugeuze mfuko nje ndani ili abaki humo, ufunge, na uutie katika mfuko wa pili. Uweke kwenye boksi la barafu, si kwenye friji ya chakula, na upeleke siku hiyohiyo. Ikiwa hakuna anayemhitaji, mzike katika shimo la angalau nusu mita, mbali na kisima, kisha nawa kwa sabuni.

Funga maji

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwaka fulani nyumbani kwangu tuliongeza vyandarua, tukachoma dawa ya mbu ya kuzunguka, tukafyeka majani yote, na mbu hawakupungua hata kidogo. Jioni moja nikaenda kwenye chemba nikiwa na tochi. Mfuniko wa zege ulikuwa na ufa usiozidi upana wa kidole, nami nilipoumulika nikawaona wakitoka mmojammoja, bila haraka, kama watu wanaotoka msikitini. Tulipoufunua, ukuta wa ndani ulikuwa mweusi kwa mbu waliotulia. Majani tuliyoyafyeka hayakuwa na hatia.

Ili kuthibitisha, tumia upawa au kibakuli cheupe kilichofungwa kwenye fimbo. Usogeze taratibu bila kuweka kivuli juu ya maji, kwa maana viluwiluwi wakiona kivuli huzama. Chota kwa mkupuo mmoja, subiri wapande juu, kisha tazama namna walivyokaa. Kiluwiluwi wa Culex huning'inia kichwa chini, mwili umelala mshazari, na mrija wa kupumulia umegusa uso wa maji. Wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Utaona pia vitu vidogo kama chembe za masizi vinavyoelea: hizo ni chelezo za mayai, kila moja ikiwa na mayai mia moja au zaidi yaliyosimama wima yakishikana. Katika joto la pwani yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, na hesabu hiyo ndiyo inayokupa ratiba yako: ukaguzi wa kila wiki unatosha, ule wa kila mwezi haufai kitu.

Ziba nyufa za mfuniko kwa saruji, na ufunge wavu mdogo wa chuma au plastiki kwenye mdomo wa bomba la hewa. Kwa shimo la choo lenye maji yaliyotuama, iko njia iliyojaribiwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa vita dhidi ya matende: vipunje vyepesi vya plastiki nyeupe, vya aina ileile inayofungiwa televisheni mpya, humwagwa hadi vifanye tabaka la sentimita moja au mbili juu ya maji. Mbu jike hapati pa kutagia, na viluwiluwi hawapati hewa. Vipunje haviozi wala haviliwi, hivyo hudumu miaka. Lakini usivitumie kwenye chemba inayofurika au yenye mkondo, kwani mvua kubwa ya kwanza itavisambaza mtaani na hutavipata tena.

Panaposhindikana kufunikwa, kama mtaro wa barabarani uliokwama, tumia viuadudu vya kibaiolojia, ambavyo hutokana na bakteria wanaoua viluwiluwi na hutengenezwa pia Kibaha, mkoani Pwani. Ziko aina mbili: Bacillus thuringiensis israelensis, na Bacillus sphaericus. Uliza hiyo ya pili kwa maji machafu, kwa sababu huhimili uchafu kuliko ya kwanza. Oili chafu ya magari inaua viluwiluwi, ndiyo, lakini inapelekea sumu kwenye maji ya chini, na mvua ikinyesha inabidi umwage upya.

Maji safi yasisahaulike, ingawa Culex hupenda zaidi machafu. Chombo cha kunyweshea kuku na beseni la kuogea ndege vimwagwe na kusuguliwa kila baada ya siku tatu. Kumwaga bila kusugua huacha mayai ya Aedes yamegandamana ukutani. Simtanki iwe na mfuniko unaokaza, na gata za paa zizibuliwe kabla ya vuli na masika.

Chumbani, na ukipata homa

Culex hung'ata usiku, zaidi kati ya saa nne na alfajiri, kwa hiyo chandarua na nyavu za madirisha humzuia vizuri kuliko zinavyomzuia Aedes. Mzee wa nyumba apewe chandarua kizima kuliko vyote, kwa kuwa waliopita miaka 60 ndio wanaopatwa na hali mbaya zaidi.

Kati ya watu watano walioambukizwa West Nile, wanne hawahisi chochote. Wa tano hupata homa, maumivu ya kichwa na viungo, na pengine vipele, siku 2 hadi 14 baada ya kung'atwa. Takriban mtu 1 kati ya 150 huingiliwa ubongo au uti wa mgongo. Shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, degedege, au mkono au mguu kulegea ghafla, hayo ni ya hospitali saa hiyohiyo. Kwa homa ya kawaida, pima malaria kwanza, na utumie parasetamoli badala ya aspirini mpaka dengi iondolewe katika mashaka. Hakuna dawa maalumu ya West Nile wala chanjo ya binadamu, ingawa farasi wanayo.

Ikiwa malaria haikuonekana na homa inaendelea, mwombe daktari afikirie virusi vya mbu, na umweleze kama umewahi kuchanjwa homa ya manjano au kuugua dengi, kwa sababu vipimo vya kinga huweza kuchanganya virusi hivyo vya ukoo mmoja. Nenda na daftari lako. Ukurasa unaoonyesha kwamba wiki tatu zilizopita makinda yalikuwa yamejaa mwembeni, kwamba mvua ilikatika tarehe fulani, na kwamba kunguru wanne waliokotwa wakiwa hawana jeraha, unaweza kumfanya daktari aagize kipimo ambacho asingekiagiza.